Matairi ya Baiskeli ya Mbio: Yadumu, na Yasikuvunje Mgongo

Kwenye vijiwe vya mafundi baiskeli kuna ushauri ambao kila mwenye baiskeli ya mbio ameshapewa: jaza upepo mpaka tairi liwe gumu kama chuma. Mantiki yake ipo, maana tairi lililolegea hubanwa na ringi likapata pancha. Lakini tairi gumu kupita kiasi hukatwa kirahisi na kila kipande cha chupa, hukutingisha mikono hadi ife ganzi, na kwenye lami ya kokoto kama tuliyonayo sehemu nyingi za Tanzania na Kenya hata kasi halikuongezei. Watu hudhani kwamba lazima uchague moja, ama tairi linalodumu ama linaloteleza vizuri. Kwa kiasi kikubwa si kweli. Upana unaofaa, upepo unaofaa na dakika tano za ukaguzi kila wiki vinakupa yote mawili.

Hatua ya 1: Soma namba za ubavuni kabla hujatoa pesa

Ubavuni mwa tairi huwa kuna namba mbili. Moja ni ya biashara, kama 700x28C. Nyingine ndiyo ya kuamini, nayo huandikwa 28-622. Hiyo 28 ni upana kwa milimita, na 622 ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, kwa milimita vilevile. Ukiishika namba hii ya pili hakuna wa kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nasisitiza hili kwa sababu baiskeli zetu nyingi ni za mtumba, na mtumba unakuja na ringi za kila aina. Baiskeli za Kijapani za kuendea sokoni, zile za inchi 27, ni 630. Baiskeli nyingi za mbio za miaka ya 1970 kutoka Ulaya na Marekani nazo ni 630. Tofauti na 622 ni milimita 8 tu, kwa macho huioni, lakini tairi la 622 haliingii kwenye ringi ya 630 hata mkilivuta watu watatu, na la 630 likivalishwa ringi ya 622 litachomoka mara upepo ukikolea. Phoenix na wenzake wa inchi 28 wanatumia 635, hiyo ni familia nyingine kabisa. Kama tairi la zamani limefutika maandishi, angalia ringi yenyewe. Mara nyingi namba imegongwa karibu na tundu la valvu.

Hatua ya 2: Chukua tairi pana kadiri baiskeli inavyoruhusu

Tairi likikanyaga kokoto, moja kati ya mambo mawili hutokea. Ama tairi linabonyea na kuimeza ile kokoto, ama baiskeli nzima na wewe uliye juu yake mnanyanyuliwa kidogo. Kila mnyanyuko unakula nguvu uliyoitia kwenye pedali, na unaulipia tena kwa mabega na kiuno. Kwenye lami laini mno, kama ya uwanja wa mbio, minyanyuko hiyo haipo, ndiyo maana kule tairi jembamba na gumu lina faida. Barabara zetu nyingi si hivyo. Lami hupakwa, kokoto zikamwagwa juu na kushindiliwa, basi. Uso wake ni kama msasa mkubwa.

Waendesha baiskeli wa kulipwa walikuwa kwenye milimita 23 miaka ya 2000. Leo 28 ni jambo la kawaida kwao, na kwenye mashindano ya njia za mawe kama Paris–Roubaix ya Ufaransa wanapanda hadi 30 na kuendelea. Waliokuja kwenye mashindano ya dunia Kigali, Septemba 2025, yaliyofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, walikutana na mlima wa mawe wa Kimihurura kila walipozunguka mjini. Kama watu wanaofukuzia sekunde wameyaacha matairi membamba, sisi tunaokwenda Bagamoyo na kurudi tunang'ang'ania nini?

Jinsi ya kujua baiskeli yako inaruhusu upana gani: hakikisha tairi ulilonalo lina upepo, kisha pima nafasi iliyobaki kila upande, pale kwenye uma wa mbele, kwenye fremu nyuma ya kitako cha pedali, na chini ya breki. Bakiza walau milimita 4 kila upande, maana tope na kokoto zilizonata zinahitaji pa kupita. Na kumbuka kwamba tairi lililoandikwa 28 likivalishwa ringi pana linaweza kufika 30. Baiskeli za zamani zenye breki za ringi mara nyingi huishia 25 au 28. Zenye breki za diski nyingi hupokea 32 bila shida. Ukiniuliza mimi, kwa barabara zetu 28 ndiyo pa kuanzia, na 32 ikiingia, usijivunge.

Hatua ya 3: Angalia kitambaa, si kashata

Wateja wengi wakifika dukani hutazama kashata za tairi, kama wanavyotazama za gari. Kwa baiskeli ya mbio kashata hazina kazi kubwa. Tairi la gari linahitaji mifereji ya kutoa maji kwa sababu ni pana na bapa. La baiskeli ni jembamba, la mviringo na lina upepo mwingi, linayapasua maji lenyewe. Kwa hiyo tairi kipara linalotoka kiwandani likiwa kipara si bovu wala si la magendo.

Kinachoamua tairi litakubeba vipi ni kile kitambaa cha nyuzi kilichofichwa chini ya raba. Nyuzi zikiwa nyembamba na nyingi, kitambaa kinakuwa laini, tairi linabonyea bila kula nguvu. Zikiwa nene na chache, tairi linakuwa kama gunia: halikatiki ovyo, lakini limekufa. Wingi huo huandikwa kwa nyuzi kwa inchi, tpi. Tairi la bei ya chini huwa na 30 hivi, la kawaida 60, na zuri 100 na ushei. Ukiona 300 na zaidi, uliza kwanza. Kampuni ya matairi ya Continental, kwa mfano, huandika 3/330, maana yake tabaka tatu za nyuzi 110 zimejumlishwa. Si uongo, ila usiilinganishe namba hiyo na 120 ya tabaka moja.

Juu ya kitambaa, chini ya raba, hupita mkanda wa kuzuia miiba. Hapo ndipo kuna biashara halisi ya kubadilishana. Tairi la safari ndefu kama Schwalbe Marathon Plus lina tabaka la raba lenye unene wa milimita 5 na litakufikisha mbali sana, ila ni zito na utalisikia kwenye kila mlima. Tairi jepesi la mashindano halina karibu chochote, linaruka kama swala na kufa mapema. La katikati, lenye mkanda mwembamba wa nyuzi imara na raba ya wastani, ndilo linalowafaa wengi wanaoendesha kila siku. Ubavu ukiwa mwembamba mno usilichukue kama unapita mabega ya barabara yenye mawe; mkanda wa katikati haulindi ubavu.

Kuhusu tyubu, ya kawaida ya mpira mweusi inatosha. Tyubu za lateksi ni laini na zinaongeza raha kweli, lakini upepo wake hushuka usiku mmoja, na hazipatikani kirahisi. Zile nyepesi za plastiki, zenye gramu 25 hadi 40, zinafaa kubebwa mfukoni kama akiba. Zikitoboka, solusheni ya fundi haishiki, zinataka viraka vyake.

Hatua ya 4: Livalishe kwa utaratibu

Pitisha kidole ndani ya ringi ukague utepe unaofunika vichwa vya spoku. Ukiwa umesogea au umechanika, badilisha sasa hivi. Tia tyubu upepo kidogo tu iwe na umbo, paka poda ukiwa nayo isinate, valisha upande mmoja, ingiza tyubu, kisha valisha wa pili kwa viganja ukianzia upande ulio mkabala na valvu na kumalizia kwenye valvu yenyewe. Bisibisi kaa nayo mbali. Inatoboa tyubu na kuchubua ukingo wa ringi. Tumia vijiti vya plastiki.

Kuna jambo dogo ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Weka jina la tairi sambamba na valvu, upande wa mnyororo. Si urembo. Siku ya pancha utapata tundu kwenye tyubu, utapima umbali wake kutoka kwenye valvu, na papo hapo utajua ni wapi kwenye tairi pa kutafuta mwiba. Usipofanya hivyo utazungusha tairi zima juani.

Hatua ya 5: Tafuta upepo wako

Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, labda MAX 115 PSI (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo), ni ukomo, si lengo. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye baiskeli ya kilo 10 hivi, anayetumia tyubu, anzia hapa: tairi la 25, psi 90 nyuma na 80 mbele, la 28, psi 77 nyuma na 70 mbele, la 32, psi 62 nyuma na 55 mbele. Kwa kila kilo 5 unazozidi ongeza psi 3 hadi 5, na ukipungua, punguza vivyo hivyo. Mbele huwa chini kwa sababu gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wako.

Halafu pima kwa rula. Egemea ukuta ukiwa umekaa kwenye kiti kama unaendesha, mikono kwenye usukani. Mwenzako apime kutoka ardhini hadi ukingo wa ringi kabla hujapanda, kisha baada ya kupanda. Tairi linatakiwa lishuke kama asilimia 15 ya urefu wake. Kwa tairi la 28 hiyo ni milimita 4 na kidogo. Likishuka milimita 2 umekaza mno. Likishuka 6 unajitafutia pancha ya kubanwa. Kipimo hiki ni cha zamani na si msahafu, lakini kinamweka mtu karibu sana na pale anapotakiwa.

Baada ya hapo barabara ndiyo itakayokuambia. Chagua kipande kibovu unachokijua, ukipite, punguza psi 5, ukipite tena. Ukifika pale ambapo ringi inagonga kwenye ukingo wa shimo, au gurudumu la mbele linayumba kwenye kona, rudisha psi 5. Andika namba hiyo mahali. Tumia pampu ileile kila mara, maana geji hazikubaliani: moja itakuambia 80, nyingine 88, tairi ni lilelile.

Compressor za vituo vya mafuta zinasaidia, kwa tahadhari. Baiskeli nyingi za mbio zina valvu nyembamba, utahitaji kile kiadapta cha shaba, na lazima ulegeze kwanza kinati cha juu ya valvu. Tyubu ya baiskeli ina nafasi ndogo mno kulinganisha na ya gari, inajaa kwa sekunde chache. Bonyeza kidogo kidogo, mwambie kijana wa kituo akuachie ufanye mwenyewe. Na kama umenunua magurudumu mapya ya kaboni ambayo ringi zake hazina ndoano ukingoni, ukomo wake ni psi 72 tu (bari 5), hata kama tairi limeandikwa zaidi, na tairi lenyewe liwe limeruhusiwa na mtengenezaji kwa ringi za namna hiyo. Hapo hapana mjadala.

Joto nalo lina hesabu yake. Tairi lililojazwa psi 90 alfajiri ya nyuzi 22 likiachwa juani saa saba hadi raba ifike nyuzi 50 litasoma karibu 100. Tairi zima linavumilia. Lenye mchaniko au lililokaa vibaya ndilo linalolipuka likiwa limeegeshwa, na watu hubaki wanashangaa. Egesha kivulini.

Tyubu ya kawaida hupoteza upepo taratibu hata bila tundu. Kagua kila wiki, na kabla ya kila safari ndefu.

Hatua ya 6: Dakika tano za kila wiki

Hapa ndipo tairi linapopewa maisha au kunyimwa. Kwenye barabara kuu adui wa kwanza si mwiba wala msumari. Ni waya. Tairi za malori zikipasuka huacha vipande vya raba pembeni mwa barabara, na raba ikishasagika zinabaki nyuzi za chuma, ndogo kuliko punje ya mchele na nyembamba kama uzi wa kushonea. Bega la barabara, pale pale unapoambiwa uendeshe kwa usalama wako, ndipo zinapokusanyika. Waya haukutoboi siku hiyo. Unaingia nusu, unakaa, kila mzunguko wa gurudumu unausukuma kidogo, na baada ya siku kadhaa unaona tairi limelala bila sababu.

Kwa hiyo geuza baiskeli au itundike, toa upepo kidogo, zungusha gurudumu polepole mchana kwenye mwanga mzuri. Kila doa linalong'aa, kila kikato, kipanue kwa kidole gumba uangalie ndani. Chupa inatoka kwa ncha ya pini. Waya unataka kibano cha nyusi au kikatia kucha. Ushike kwa ukingo, uvute ulekeo ulioingilia. Ukibadilisha tyubu, usipapase ndani ya tairi kwa kidole kitupu. Pitisha pamba. Pamba itanasa kwenye ncha ambayo ngozi isingeihisi, na kidole chako kitabaki salama.

Ukiwa hapo angalia pia raba za breki. Raba iliyosogea juu kwa milimita 2 inakwangua ubavu kila ukishika breki, na ubavu uliokwanguliwa hadi nyuzi zionekane hauna tiba. Angalia na mafuta. Wengi wetu tunasafisha mnyororo kwa mafuta ya taa. Hakuna ubaya, ila yakidondokea tairi yanaivimbisha raba na kuilainisha. Weka kitambaa katikati, na kama yamemwagika, osha kwa maji ya sabuni saa hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Isome pancha kabla ya kuiziba

Fundi atatoa tyubu, ataizamisha kwenye beseni, ataona mapovu, ataziba, atarudisha, na kesho utarudi kwake. Mwache azibe, lakini wewe angalia tundu liko wapi. Matundu mawili yaliyokaa sambamba kama yameng'atwa na nyoka: upepo ulikuwa mdogo au uligonga shimo. Tundu moja upande wa nje: kitu kimeingia kwenye tairi, na huenda bado kimo. Tundu upande wa ndani: utepe wa ringi au spoku. Mchaniko kwenye shina la valvu: ni namna unavyopampu, unaitikisa pampu bila kuishika.

Kuziba kwenyewe hakuna siri. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka solusheni nyembamba, kisha subiri ikauke mpaka isinate kidoleni, dakika tano hivi. Kusubiri ndiko kunakowashinda watu. Ukibandika ikiwa mbichi kiraka kitanyanyuka kwa joto la mchana.

Tairi lenyewe likichanika kwa zaidi ya milimita 3 au 4, tyubu itachungulia nje na kupasuka. Beba kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, kama vidole viwili kwa ukubwa, ukiweke ndani kati ya tyubu na mchaniko. Ukikosa, noti iliyokunjwa mara mbili au kipande cha tyubu ya dawa ya meno kitakufikisha nyumbani, ukiwa umepunguza upepo. Kikufikishe nyumbani tu, usikiache humo mwezi mzima.

Hatua ya 8: Hamisha mbele kwenda nyuma, kisha tupa bila huruma

Tairi la nyuma linaisha karibu mara mbili ya la mbele. Likiisha, usilivalishe jipya huko nyuma. Toa la mbele ulipeleke nyuma, na jipya liende mbele. Nyuma likipasuka au kuteleza una nafasi ya kujiokoa. Mbele likipasuka kwenye mteremko, utajikuta chini kabla hujajua kilichotokea.

Kilomita ngapi? Tairi la mashindano huenda likatoa 3,000 nyuma, la kawaida 5,000 au 6,000, la safari hata mara mbili ya hapo. Uzito wako, lami na namna unavyoshika breki vinazibadilisha namba hizo sana, kwa hiyo tumia macho. Matairi mengine, kama Grand Prix 5000 ya Continental, yana vitundu viwili vidogo katikati ya uso. Vikitoweka, tairi limekwisha. Yasiyo na alama, angalia umbo: tairi jipya ni duara, lililochoka lina bapa katikati na ukingo unaohisika kwa kidole. Tupa mara moja likionyesha nyuzi mahali popote, likivimba kama jipu, au likianza kupata pancha mfululizo zisizo na sababu moja, maana raba iliyobaki haizuii kitu tena.

Umri nao unahesabika. Baiskeli ya mtumba inaweza kuja na matairi yenye uso mzima, hayajaisha kabisa, lakini ubavu una nyufa nyufa kama tope lililokauka. Hayo yalizeekea kwenye banda huko yalikotoka. Yatumie kuzungukia mtaani ukipenda. Kushuka nayo mlima kama Sekenke, hapana. Ya kwako yanayosubiri zamu yaweke ndani, gizani, mbali na petroli na mbali na jenereta, yakiwa yamekunjwa bila kubanwa. Na kabla ya kulitupa lililokufa, kata ubavuni vipande vitatu vinne vya ukubwa wa vidole viwili, uviweke kwenye mfuko wa chini ya kiti.